Homa ya matumbo: Dawa zilizowaponya wazazi wetu sasa zinashindwa

Je, msomaji, ni mara ngapi umeingia katika kliniki ya mtaani ukiwa na homa na kichwa kinauma, ukatolewa damu kidogo, na baada ya muda mfupi ukaambiwa, "Una malaria, halafu kuna taifodi kidogo"? Bila shaka ulilipa, ukapewa vidonge ndani ya karatasi, ukaenda zako. Siku ya tatu ulipojisikia nafuu, vidonge vilivyosalia ukavitia kabatini ili vimfae atakayeugua baadaye.

Mamilioni ya watu hufanya hivyo, na hakuna anayedhani ametenda kosa. Hata hivyo, utafiti uliofanywa miaka ya karibuni, hapa nchini na ng'ambo, unaonyesha kwamba mazoea kama hayo ndiyo yaliyoipa homa ya matumbo nguvu mpya. Ugonjwa ni ule ule waliougua wazazi wetu, lakini viini vinavyouleta si vile vile tena.

Ugonjwa wa binadamu pekee

Homa ya matumbo, au taifodi kama tulivyozoea kuiita, huletwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Bakteria huyu hana makao mengine ila mwili wa binadamu. Haishi ndani ya ng'ombe, kuku wala panya. Hutoka kwa njia ya choo na kuingia kwa njia ya mdomo, akisafiri ndani ya maji au chakula kilichochafuliwa. Kwa hivyo, kila anayeugua ameambukizwa na binadamu mwenzake, hata kama hawajawahi kuonana.

Homa yake hupanda polepole siku baada ya siku. Mgonjwa huumwa na kichwa na tumbo, hukosa hamu ya kula, na anaweza kuendesha au kufunga choo. Asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na hapo huhitaji upasuaji wa haraka la sivyo atafariki. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2019 watu milioni 9 waliugua maradhi haya ulimwenguni, na 110,000 kati yao wakafa.

Hapa Kenya, mzigo huu hauwaangukii watu wote sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 ulilinganisha mtaa wa Kibera, Nairobi, na Lwak, eneo la mashambani karibu na Ziwa Victoria. Katika kila watu 100,000 waliofuatiliwa kwa mwaka, viini hivi vilipatikana katika damu ya watu 247 kule Kibera, lakini 29 pekee kule Lwak. Sababu si ngumu kuielewa. Watu wanapobanana, vyoo vikawa haba na mabomba ya maji yakapitishwa ndani ya mitaro ya maji machafu, kinyesi cha mmoja hufika haraka kwenye kikombe cha mwingine.

Jinsi kiini kinavyogeuka sugu

Mwaka wa 1948, madaktari waligundua kwamba dawa ya kloramfenikoli ilitibu homa ya matumbo. Ilikuwa kama muujiza. Ugonjwa uliokuwa ukiua zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi waliougua, sasa ulitibika kwa vidonge. Baadaye zikaja ampisilini na kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Septrin.

Lakini viini havikulala. Bakteria hana akili ya kupanga hila. Silaha yake ni wingi wake. Bakteria anayezaana kila baada ya dakika 20 anaweza, kwa muda wa saa saba tu, kuwa bakteria zaidi ya milioni mbili. Kila anapojigawa hulazimika kunakili maagizo ya urithi yaliyo ndani yake, na katika kunakili huko makosa madogo hutokea. Mengi hayana maana. Mara moja moja, kosa humfanya bakteria asidhurike na dawa fulani.

Sasa fikiria mgonjwa ameanza kumeza dawa. Viini dhaifu hufa kwanza, naye akahisi nafuu. Vilivyo vigumu kidogo bado vipo. Akiacha dawa hapo, au akimeza kiasi kisichotosha, amewaua wanyonge na kuwaachia shamba wenye nguvu. Hao ndio watakaozaana na kumfikia jirani.

Isitoshe, bakteria wana njia nyingine. Wanaweza kupeana vipande vya maagizo ya urithi viitwavyo plasmidi, na kipande kimoja kinaweza kubeba kinga dhidi ya dawa tatu au nne kwa pamoja. Bakteria wa taifodi anaweza kupokea kipande hicho kutoka kwa bakteria wa aina nyingine kabisa, anayeishi tumboni bila kumdhuru mtu. Ndiyo maana kumeza dawa hizi ovyo kwa mafua, ambayo huletwa na virusi na wala hayatibiwi nazo, kunaweza kuzaa usugu utakaokuja kudhihirika katika ugonjwa mwingine.

Onyo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alilitoa mwaka wa 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Alitoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni aliyejitibu koo kwa penisilini kidogo, isiyotosha kuua viini bali kuvizoesha dawa. Kisha akamwambukiza mkewe, na mama huyo akafa kwa sababu dawa haikufaa tena. Tazama, msomaji: aliyekosea ni mume, aliyezikwa ni mke.

Safari ya H58

Siku hizi wataalamu wanaweza kusoma maagizo yote ya urithi ya kiini kimoja na kuyalinganisha na ya kingine, kama vile wazee wanavyofuatilia ukoo. Mwaka wa 2015, watafiti kutoka nchi nyingi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sampuli 1,832 za Salmonella Typhi kutoka nchi 63. Waligundua kwamba karibu nusu zilikuwa za ukoo mmoja, walioupa jina la H58, na kwamba ukoo huo ulitokea Asia ya Kusini ukaenea hadi Afrika Mashariki, si mara moja bali mara kadhaa. Viini vingi vya ukoo huu havisikii kloramfenikoli, ampisilini wala kotrimoksazoli.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, viini sugu kwa dawa hizo vilikuwa vimeshaonekana Nairobi. Mwaka wa 2021, kikundi kilichoongozwa na Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) kilichapisha uchunguzi wake katika mtaa wa Mukuru, Nairobi. Ukoo wa H58 ndio uliotawala. La kushangaza zaidi, viini vilivyopatikana kwa watoto wagonjwa vilikuwa na uhusiano wa karibu na vile vilivyopatikana kwa watu wasiokuwa na dalili yoyote.

Je, mtu mzima anawezaje kubeba ugonjwa? Baada ya kupona, watu wachache hubaki na viini hivi katika mfuko wa nyongo, hasa wakiwa na mawe ya nyongo ambayo viini hujishikiza juu yake. Mfano mashuhuri ni Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi New York. Familia kadhaa alizozipikia ziliugua, ilhali yeye hakuwa na homa. Alitengwa kisiwani mwaka wa 1907, akaachiliwa mwaka wa 1910 kwa sharti kwamba asipike tena. Mwaka wa 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya wazazi, naye akatengwa tena hadi kifo chake mwaka wa 1938. Tusimwone Mary kama shetani. Hakujihisi mgonjwa, wala hakuamini alichoambiwa. Funzo lake ni kwamba kunawa mikono ni wajibu wa kila anayegusa chakula, hata aliye na afya ya simba.

Hatari iliyo mbele yetu ilijionyesha Pakistan. Kuanzia mwaka wa 2016, katika mkoa wa Sindh, ulizuka ugonjwa wa taifodi ulioshinda dawa zile tatu za zamani, pamoja na siprofloksasini na hata sindano ya seftriaksoni. Dawa pekee ya kumeza iliyosalia na nguvu ilikuwa azithromaisini. Viini hivyo vilikuwa vya ukoo wa H58, vilivyoongezewa plasmidi mpya.

Hakuna "taifodi kidogo"

Turudi kwenye damu yako pale kliniki. Kipimo kinachotumiwa sana huitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekianzisha mwaka wa 1896. Kipimo hiki hakitafuti kiini chenyewe, bali askari ambao mwili umewatengeneza dhidi yake. Askari hao wanaweza kubaki katika damu muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, na maradhi mengine pia yanaweza kufanya kipimo kionyeshe kwamba una taifodi. Kwa hivyo wengi hutibiwa ugonjwa wasiokuwa nao, huku ule unaowasumbua ukiendelea.

Kipimo bora ni kuikuza damu maabarani ili kuona kama viini vitaota, kisha kuvijaribu kwa dawa mbalimbali. Huchukua siku kadhaa, hugharimu zaidi, na hakipatikani kila mahali. Hata chenyewe hukosa baadhi ya wagonjwa, hasa walioanza kumeza dawa kabla ya kutolewa damu. Lakini kinapopata jibu, daktari hujua ni dawa gani itakayofanya kazi.

Wewe na jamaa yako mfanye nini?

Kwanza, homa isiyoisha isikupeleke moja kwa moja kwenye duka la dawa. Nenda hospitali, na ukiambiwa una taifodi, uliza kwa heshima: "Daktari, mmejuaje? Je, damu inaweza kukuzwa?" Kuuliza si utovu wa adabu. Mwambie pia dawa zote ulizokwisha kumeza.

Pili, meza dawa kama ulivyoandikiwa, kwa siku zote ulizoambiwa, hata ukijisikia mzima. Usimgawie mtoto vidonge vya babake, wala usinunue vidonge viwili vitatu kwa kuwa ndivyo mfuko unavyoruhusu. Ikiwa fedha hazitoshi, mweleze daktari mapema.

Tatu, chemsha maji ya kunywa au yatie klorini, kisha uyaweke katika chombo chenye kifuniko. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kupika, na matunda uyaoshe kwa maji safi.

Nne, wapeleke watoto wachanjwe. Huko Blantyre, Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba dozi moja ya chanjo mpya ilipunguza homa ya matumbo kwa takriban asilimia 80 miongoni mwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 12. Pakistan ilikuwa nchi ya kwanza kuiingiza katika chanjo za kawaida za watoto, mwaka wa 2019. Kenya ilianza kuitoa kote nchini Julai 2025, kwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, na dawa isiyotumika ovyo haizai usugu.

Ni kweli kwamba mengine hayamo mikononi mwetu. Mama wa Mukuru hawezi kuchimba mtaro wa maji machafu peke yake, na kuchemsha maji kunahitaji makaa, nayo makaa yana bei. Maji safi na vyoo vya kutosha ni deni ambalo serikali za kaunti zinadaiwa na wakazi wake, na tusichoke kulidai.

Huku tukilidai, fungua kabati lako leo. Ukikuta vidonge vilivyosalia, usivihifadhi wala kumpa jirani kwa huruma. Vipeleke kwa mfamasia akuelekeze namna ya kuvitupa.