Arubaini si ya Mzazi Peke Yake

Binti yangu alijifungua Mombasa nami niko Lamu, maradhi yamenizuia. Mumewe alikuwa safarini melini. Majirani walimjia siku ya kwanza, kisha kila mmoja akashika lake.

Nilipofika, siku ya ishirini, nilimkuta amegeukia ukuta na mtoto analia ubavuni mwake. "Mama, simsikii tena," aliniambia.

Sikumlaumu. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikampikia uji wa pilipili manga, nikampakata mjukuu ili mzazi apate usingizi. Arubaini ilipotimia alikuwa akinifundisha mimi: kilio hiki cha njaa, hiki cha usingizi. Na mtoto, akimsikia mamake tu, hunyamaza.

Kati ya mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth aliwazuru akina mama 26 majumbani mwao, vijijini karibu na Kampala, Uganda. Aliona kwamba watoto watulivu, waliothubutu kutambaa mbali kisha wakarejea kwa mama, aghalabu walikuwa wa wale walioweza kumweleza kinaganaga tabia za watoto wao.

Lakini mama aliyechoka na kuachwa peke yake atamjuaje mwanawe? Ndiyo sababu wazee wetu waliweka arubaini, na somo, na uji. Enyi waume, mama wakwe na mawifi, msimwachie mzazi ukuta. Na huzuni ikimkaa zaidi ya majuma mawili, mpelekeni hospitali. Msiseme ana kiburi.