Msusi na Mafuta ya Nywele za Kipilipili: Tutumie Kipimo Gani?

Mwanamke anayeacha kutia dawa na kurudia nywele zake za asili hukabiliwa na maswali mawili: nani azishike, na azipake nini. Majibu ni mengi na hayapatani. Huyu atamwambia nywele za kipilipili zinataka mafuta ya nyonyo, yule atasema nazi, na mwenye duka atampangia chupa sita za kutumia kwa zamu. Wasusi nao husifiwa kwa mambo tofauti: mmoja ana mkono mwepesi, mwingine misuko yake hukaa miezi miwili bila kulegea. Uchambuzi huu hautataja saluni ya kwenda wala chapa ya kununua. Unatafuta kipimo ambacho msomaji ataweza kukitumia awe Kariakoo, Mombasa au Bujumbura, na ili tukipate hatuna budi kuanza na unywele wenyewe.

Unywele una sehemu mbili. Ya kwanza imo ndani ya ngozi, katika kifuko kidogo kiitwacho kinyweleo. Humo mna seli hai, damu hufika na lishe hufika. Ya pili ni ule uzi tunaouona na kuusuka. Uzi huo umeundwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo ndiyo iliyomo pia katika kucha, nao hauna seli hai hata moja. Ndiyo maana kukata nywele hakuumi. Jambo hili lina matokeo makubwa: ngozi iliyochubuka hupona kwa sababu ni hai, lakini unywele uliochanika hauna njia ya kupona. Unaweza kulainishwa, unaweza kukingwa usichanike zaidi, au ukatwe. Chupa inayoahidi kuutibu inaahidi kisichowezekana.

Uzi huo una tabaka. Tabaka la nje ni magamba membamba sana yaliyolaliana kama magamba ya samaki, yote yakielekea kwenye ncha. Chini yake ndipo penye nguvu ya unywele, na ndipo pia penye rangi yake. Magamba yakilala vizuri, unywele huteleza, hung’aa na hushika maji yake. Yakiinuka au yakibanduka kwa joto, kwa dawa kali au kwa kuchanwa kwa nguvu, nyuzi huanza kukwaruzana na kushikana.

Sasa tuitazame nywele ya kipilipili. Kinyweleo chake kimepinda, na uzi unaotoka humo si wa mviringo kamili bali umebonyea kidogo, hivyo hujikunja tangu mwanzo. Kutokana na kujikunja huko yanafuata mambo matatu. Kwanza, mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi hadi kwenye ncha, kwa hiyo nywele huwa kavu hata kama ngozi ina mafuta. Pili, kila penye kona ni mahali dhaifu panapoweza kukatika. Tatu, nyuzi zilizojikunja huzungukana na kufanya mafundo. Nywele hizi zinaonekana ngumu, lakini kwa umbile lake ndizo zinazotaka mkono wa taratibu kuliko zote.

Watu wengi husema nywele zao haziongezeki urefu. Kwa kawaida nywele za kichwani huota karibu sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili huota pungufu kidogo. Mtu ambaye nywele zake hazijapita mabega kwa miaka mingi, mara nyingi nywele zake zinaota. Ila zinakatika kwenye ncha kwa kasi ile ile zinayoota kwenye mzizi. Urefu tunaouona ni hesabu ya kutoa: zilizoota, toa zilizokatika. Upande wa kuota unategemea urithi, umri, chakula na afya, na msusi hana uwezo mkubwa juu yake. Upande wa kukatika ndio ulio mikononi mwake.

Kukatika kunaweza kuonekana kwa macho. Baada ya kuchana, okota nywele zilizobaki kwenye chanuo na uzitandaze juu ya kitambaa cheupe. Unywele mrefu wenye kijivimbe cheupe upande mmoja umetoka na mzizi wake, na mtu kupoteza nywele kati ya 50 na 100 za namna hiyo kwa siku ni kawaida. Kipande kifupi kisicho na kijivimbe hicho kimekatika njiani. Vipande vifupi vikiwa vingi, tatizo limo katika jinsi nywele zinavyoshikwa, au katika kinachopakwa, au katika vyote viwili.

Kabla ya kufika kwenye chupa, kuna suala la aina za nywele. Mpangilio unaotumika zaidi ni ule wa Andre Walker, aliyekuwa msusi wa Oprah Winfrey, aliyezigawa nywele zote katika namba 1 hadi 4 pamoja na herufi. Mpangilio huo hueleza umbo la mkunjo tu. Hausemi kama uzi ni mwembamba au mnene, wala kama unanyonya maji haraka, na hayo mawili ndiyo yanayoamua nini kipakwe. Kuyajua hakuhitaji mashine. Nywele ambazo maji huteleza juu yake kwa muda kabla ya kulowana, kisha zikachelewa kukauka, magamba yake yamebana. Hizo hulemewa upesi na mafuta mazito. Zinazolowana mara moja na kukauka upesi, magamba yake yameinuka. Hizo huhitaji kitu kizito cha kuzuia maji yasitoke.

Vipodozi vya nywele ni vingi madukani, lakini kazi zake za msingi ni tatu: kusafisha, kutelezesha na kuzuia unyevu usipotee. Ukiijua kazi, jina la chupa hupungua uzito.

Kazi ya kusafisha ni ya shampuu. Sabuni ya mche huondoa uchafu pia, lakini ina alkali nyingi. pH yake ni kama 9 au 10, wakati nywele hutulia penye asidi kidogo, karibu 4.5 hadi 5.5. Alkali huinua magamba. Zaidi ya hapo, sabuni ikikutana na maji magumu, kama ya visima vingi vya miji yetu, hufanya utando mweupe unaoganda kwenye nywele na kuzifanya zikakamae. Kwa hiyo shampuu ya kawaida isiyo kali, ikipakwa zaidi kwenye ngozi ya kichwa kuliko kwenye ncha, inatosha.

Kazi ya kutelezesha ni ya kondishena. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, ilhali ndipo penye faida kubwa zaidi kwa nywele za kipilipili. Viambato vyake hushika juu ya uzi, hasa mahali palipochakaa, na kupunguza msuguano. Kondishena haikuzi nywele. Inachofanya ni kuwezesha chanuo lipite bila kuvunja, na tumeshaona kwamba kuvunjika ndiko kunakotupotezea urefu.

Kazi ya tatu ni ya mafuta, na ina kanuni moja: mafuta si maji. Nywele kavu ikipakwa mafuta matupu hung’aa huku ikibaki kavu. Ilowanishwe kwanza, kisha mafuta yafuate ili maji yachelewe kutoka. Mafuta nayo hayafanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, ukaonyesha kwamba ya nazi huingia ndani ya uzi na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Mafuta ya nyonyo ni mazito na hukaa juu, kwa hiyo yanafaa kufunika ncha. Dai kwamba yanaotesha nywele halina ushahidi wa kutosha. Siagi ya shea, ambayo miti yake huota kaskazini mwa Uganda, hufanya kazi ya kufunika vilevile. Mtu wa pwani mwenye nazi jikoni hana sababu ya kununua chupa ya bei kubwa kwa kazi hii.

Kwa vinavyonunuliwa, lebo husomwa kuanzia mwanzo. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Chukua chupa iliyochorwa nazi kubwa mbele, uigeuze. Ukiona neno Aqua mwanzoni, hayo ni maji, na kwa kipodozi cha kuongeza unyevu ni vyema yawe ya kwanza. Kisha tafuta Cocos nucifera, jina la kisayansi la mnazi. Likiwa karibu na mwanzo, nazi imo. Likija mwishoni, baada ya neno Parfum, yaani manukato, unanunua harufu na picha. Kwa nyonyo tafuta Ricinus communis. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na nchini Kenya alama ni ya KEBS.

Dawa za kunyoosha zina nafasi yake katika hoja hii, kwa kuwa wasusi wengi huzipendekeza mara wanapoona nywele zinashikana. Dawa nyingi za namna hiyo zina alkali kali, pH yake ikifika 12 na kupita, nazo huvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake. Sehemu iliyotiwa dawa hairudi tena ilivyokuwa. Mwaka 2022 watafiti nchini Marekani, waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, walieleza kuwa waliotumia vinyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia. Uhusiano huo haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini unatosha kumfanya mteja aulize kilichomo kabla ya kukubali.

Tukija kwa msusi, jambo la kwanza la kutazama ni dakika zake za mwanzo. Msusi anayeijua nywele ya kipilipili huishika kabla ya kuichana, na huuliza: ulitia dawa lini, ulifumua lini, ngozi inawasha? Kisha huigawa mafungu, huilowesha kwa maji na kondishena, na huanza kuchana kwenye ncha. Hushika fungu juu kidogo ya mahali anapochana ili mvuto usifike kwenye ngozi, akipanda taratibu kuelekea kwenye mzizi, kwa vidole au chanuo lenye meno mapana. Anayechomeka kitana kidogo kwenye mzizi wa nywele kavu na kukivuta hadi chini anasukuma mafundo yote yakutane kwenye ncha, kisha anayakata. Sauti ile ya kutatarika ni nywele zinazovunjika.

Jambo la pili ni mvuto. Misuko inayobana sana huchosha vinyweleo, hasa vya kwenye paji na pembeni karibu na masikio, hadi nywele zikanyonyoka. Profesa Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuchunguza watu wazima Waafrika jijini humo: karibu theluthi moja ya wanawake walikuwa na tatizo hilo. Dalili zake za mwanzo ni maumivu, vipele kwenye mzizi na nywele kupungua kwenye paji. Hatua hiyo inaweza kurudishwa nyuma kwa kuacha kubana, lakini mvuto ukiendelea kwa miaka, kinyweleo hugeuka kovu na hakioteshi nywele tena. Desturi ya kumeza panadol usiku wa siku ya kusukwa inapaswa kusomwa kama dalili, na msusi anayejibu kwamba kuumia ni sehemu ya urembo amekosea.

Jambo la tatu ni joto na usafi. Pasi ya nywele hufika nyuzi 200 za Selsiasi na kupita. Ikipita kwenye unywele wenye majimaji, maji ya ndani huchemka na kuacha vitundu. Msusi mzuri hukausha kwanza na hupunguza joto. Vitana vyake huoshwa na kutiwa dawa kati ya mteja mmoja na mwingine, kwa kuwa mapunye huambukizwa kwa vitana vichafu.

Jambo la nne humhusu mteja. Wasusi wengi hulipwa kwa kichwa, na baadhi yao hulipia kiti au hugawana mapato na mwenye saluni. Bei tunayopatana ni ya msuko. Nusu saa ya kuchambua mafundo haimo. Msusi anayeharakisha huenda anajua kazi, ila hana anayemlipa ili aende taratibu. Anayetaka nywele zake zishikwe polepole apatane bei ya kuosha na kuchambua pekee, au afike zikiwa zimeshachambuliwa nyumbani.

Kwa kuyaunganisha haya, kipimo kinapatikana. Kwa kuwa unywele ukishaota hauponi, msusi na vipodozi havipimwi kwa vinachoongeza siku ya kwanza, bali kwa kinachobaki kichwani baada ya miezi. Msusi mpya apewe kwanza kazi ndogo ya kuosha, kuchambua na mabutu yasiyobana. Chupa mpya nayo ijaribiwe peke yake, ili mabadiliko yakitokea chanzo kijulikane. Vipande vifupi vikipungua kwenye kitambaa cheupe, paji likibaki na nywele zake na usiku ukapita bila maumivu, umempata msusi. Mlipe muda wake, na usimwache.