Fahamu Kinachopaswa Kuandikwa katika Mwongozo wa Kubadili Mipangilio ya Kanzidata ya Vekta

Mwananchi anayeandika "ruhusa ya kujenga nyumba" katika kisanduku cha kutafutia anaweza kuoneshwa tangazo lenye kichwa "Utaratibu wa Kupata Kibali cha Ujenzi", ingawa maneno hayo hayafanani. Kinachowezesha jambo hilo ni kanzidata ya vekta. Kila andiko hugeuzwa na programu ya akili unde kuwa safu ndefu ya namba, yaani vekta, na maandiko yenye maana zinazokaribiana hupata namba zinazokaribiana. Swali la mwananchi nalo hugeuzwa vivyo hivyo, kisha mfumo hutafuta vekta zilizo jirani nalo.

Miongoni mwa programu zinazofanya kazi hiyo ni pgvector, nyongeza ya msimbo huria katika kanzidata ya PostgreSQL. Toleo lake la 0.5.0, la mwaka 2023, lilileta faharasa iitwayo HNSW, ambayo haipitii kila andiko moja moja, bali hufuata viungo kutoka vekta moja hadi jirani yake. Njia hiyo huokoa muda, lakini haitoi uhakika kamili kwamba jirani wa karibu kuliko wote amepatikana. Kiwango cha uhakika hutegemea mipangilio, na ndiyo maana chombo cha kuibadili hakitoshi bila mwongozo unaoeleza bayana matokeo ya kila badiliko.

Uchukuliwe mpangilio wa hnsw.ef_search, ambao thamani yake ya awali ni 40. Hiyo ndiyo idadi ya vekta zinazowekwa katika orodha ya kufikiriwa wakati wa kutafuta. Kichujio, kwa mfano cha mkoa, hutumika baada ya faharasa kusomwa. Kwa hiyo, iwapo mkoa fulani una asilimia 10 ya matangazo yote, katika yale 40 hubaki kwa wastani manne tu, hata kama ukurasa umeomba 20 na kanzidata ina mamia yanayofaa. Hakuna ujumbe wa hitilafu unaotokea. Mwananchi huona majibu manne na kuamini kwamba ndiyo yote. Tangazo la ajira alilolihitaji huenda lilikuwa la tano, na siku ya mwisho ya maombi ikampita akiwa hana habari.

Mwongozo unaosema tu kwamba mpangilio huo "huongeza usahihi" haujasema lolote la maana. Unapaswa kueleza athari ya kichujio, kutaja kwamba thamani kubwa hupunguza kasi ya majibu, na kuonesha kwamba tangu toleo la 0.8.0 upo mpangilio wa hnsw.iterative_scan, ambao huendelea kusoma faharasa hadi majibu yatoshe au kikomo kilichowekwa kifikiwe. Mpangilio huo huwa umezimwa hadi msimamizi auwashe.

Aidha, upeo wa badiliko ni lazima uandikwe. Amri ya SET huhusu muunganisho mmoja pekee, na SET LOCAL huishia katika muamala mmoja. Badiliko lililowekwa kwa ALTER DATABASE hudumu, lakini huanza kutumika katika miunganisho mipya tu. Msimamizi asiyelijua hilo hufanya jaribio kwenye dirisha lake, akaridhika na matokeo, ilhali tovuti inayotumiwa na umma imebaki na thamani ileile ya 40.

Mtego mkubwa zaidi uko katika m na ef_construction, zenye thamani za awali 16 na 64, ambazo huamua jinsi faharasa inavyojengwa. Amri ya ALTER INDEX huzipokea thamani mpya bila kulalamika, lakini faharasa iliyopo haibadiliki hadi ijengwe upya kwa REINDEX. Ikitumika REINDEX CONCURRENTLY, maandiko mapya huendelea kupokelewa wakati wa ujenzi, ingawa kazi huchukua muda mrefu zaidi.

Kubadili programu inayotengeneza vekta ni suala jingine kabisa. Vekta za programu mbili tofauti hazilinganishiki, hata zikiwa na urefu sawa, hivyo maandiko yote hulazimika kugeuzwa upya. Hapa ni bora chombo chenyewe kikatae badiliko kuliko kuacha onyo katika ukurasa usiosomwa.

Mwongozo mzuri huweka pia njia ya kuthibitisha. Msimamizi huchukua maswali kwa maneno ambayo wananchi huyatumia, huyauliza kupitia faharasa, kisha huyauliza tena ndani ya muamala wenye SET LOCAL enable_indexscan = off, ili kila andiko lilinganishwe. Majibu yaliyopo katika orodha ya pili na kukosekana katika ya kwanza ndiyo ambayo umma haukuyaona, na idadi yake huandikwa pamoja na thamani ya zamani, thamani mpya na amri ya kurejesha hali ya awali.