Moshi wa shetani na ankara yake: biashara ya madoido ya picha Vancouver

Machi 2020, janga la korona liliposimamisha kazi mjini Vancouver, Canada, tamthilia ya Supernatural ilikuwa imekwisha kupigwa picha hadi sehemu ya 18 ya msimu wake wa 15. Watazamaji waliishia ya 13. Waigizaji walikuwa wamefanya kazi yao na kamera zimefungashwa, lakini sehemu zilizofuata hazikuweza kwenda hewani kwa sababu idara za madoido ya picha na sauti zilishindwa kuzimaliza. Tamthilia ilirudi runingani Oktoba. Tukio hilo lilionyesha waziwazi bidhaa ya kipindi cha mizimu inakamilikia wapi: mikononi mwa mafundi wanaokaa mbele ya kompyuta.

Supernatural, iliyobuniwa na Eric Kripke, ilidumu kuanzia 2005 hadi 2020 na kufikisha sehemu 327. Ndugu wawili wanazunguka Marekani kwa gari wakiwinda mashetani, na karibu Marekani yote hiyo ilipigwa picha Vancouver na viunga vyake. Msimu wa kawaida ulikuwa na sehemu 20 na ushei, na kila wiki mtazamaji alitaka jini jipya. Kwa ratiba ya namna hiyo, bajeti ya madoido huanza kupangwa kwenye karatasi ya mwongozo kabla kamera haijawashwa. Msimamizi wa madoido husoma mwongozo, huhesabu shoti zitakazohitaji kazi ya kompyuta, kisha kila shoti huipangia saa na bei.

Chukua shetani wa tamthilia hiyo, anayemwingia mtu kinywani kwa sura ya moshi mweusi. Kwa kawaida shoti kama hiyo hupigwa mwigizaji akiwepo, kisha mahali palepale hupigwa tena pakiwa patupu, ili fundi apate usuli safi wa kufanyia kazi. Mmoja hufuatilia mwendo wa kamera ili moshi usielee kando ya uso. Mwingine huutengeneza moshi wenyewe kwa hesabu za upepo na uzito, akiujaribu tena na tena. Wa tatu huunganisha matabaka na kusawazisha mwanga na rangi mpaka macho ya mtazamaji yakubali. Kompyuta nazo zinaweza kukesha zikitoa picha moja baada ya nyingine. Kinachoonekana kwa sekunde nne runingani ni mishahara ya siku nyingi.

Ndiyo maana ninawaheshimu sana waandishi na mafundi wa kipindi kile kwa mambo waliyoamua kutoyaonyesha. Mbwa wa jehanamu mara nyingi hawaonekani kabisa. Tunasikia mngurumo, tunaona nguo ikichanika na mtu akiburutwa sakafuni. Malaika Castiel alipotokea mara ya kwanza mwaka 2008, mabawa yake yalikuwa kivuli tu kilichotandaa ukutani radi ikipiga. Kutengeneza mabawa yenye manyoya, unyoya kwa unyoya, kunakula bajeti. Kivuli kina gharama ndogo, na kinatisha zaidi. Huo ni uamuzi wa sanaa na wa hesabu kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu uliisaidia tamthilia hiyo kuishi miaka 15 kwenye kituo kisicho na fedha za kutapanya.

Upande wa pili wa soko uko Netflix. Gazeti la Wall Street Journal liliripoti mwaka 2022 kwamba msimu wa nne wa tamthilia ya Stranger Things uligharimu takriban dola milioni 30 kwa kila sehemu. Hapo jini huonyeshwa lote, na shoti hugawanywa kwa kampuni kadhaa, ikiwemo Rodeo FX ya Montreal.

Kwa nini Canada? Tamthilia ya The X-Files ilipigwa picha Vancouver kuanzia 1993 hadi 1998, ikaacha nyuma mafundi wenye uzoefu. Kisha ikaja nafuu ya kodi. Jimbo la British Columbia huwarudishia watayarishaji sehemu ya mishahara wanayowalipa wakazi wake: kiwango cha msingi kilipandishwa kutoka asilimia 28 hadi 36 kwa kazi zinazoanza kupigwa picha kuanzia mwaka 2025, na kazi ya madoido na uhuishaji huongezewa asilimia 16. Serikali ya shirikisho nayo ina fungu lake. Mwaka 2014 studio ya madoido ya Sony Pictures Imageworks ilihamisha makao makuu yake kutoka California hadi Vancouver.

Hata hivyo kazi iliyofuata nafuu ya kodi huweza kuondoka nayo, na wenye studio za madoido ndio wanaobaki na hasara. Mara nyingi wao huomba kazi kwa bei moja isiyobadilika. Mtayarishaji akibadili mawazo mara sita, saa za ziada humwangukia aliyetoa bei. Kampuni hizo kwa kawaida hazina hisa katika filamu, wala hazipati chochote kipindi kikiuzwa upya nchi nyingine. Rhythm & Hues ilifilisika Februari 2013, na mwezi huohuo kazi yake katika filamu ya Life of Pi ikapewa Oscar. Februari 2025 kundi la Technicolor, mmiliki wa studio za MPC na The Mill, liliporomoka na maelfu wakapoteza ajira.

Sasa akili bandia imeingia. Netflix ilitangaza Julai 2025 kwamba shoti ya jengo linaloanguka katika tamthilia ya Argentina, El Eternauta, ilikamilishwa kwa akili bandia mara kumi haraka zaidi ya njia za kawaida. Sioni sababu ya kuamini kwamba muda huo uliookolewa utamfaidi fundi, kama mikataba ya bei moja itabaki ilivyo. Wafanyakazi wa madoido wa Marvel walipiga kura kuunda chama mwaka 2023, na hiyo ni hatua yenye maana kuliko tuzo yoyote.

Kwetu Afrika Mashariki, majini na mizimu yamekuwa mtaji wa filamu tangu enzi za Nsyuka na Shumileta, filamu za Mussa Banzi. Programu ya Blender haiuzwi wala haikodishwi, na kijana wa Dar es Salaam au Mombasa aweza kujifunza nayo kazi ileile ya moshi. Ombi langu kwa vijana hao na watayarishaji wao ni hili: kabla shoti ya kwanza haijaguswa, andikeni kwenye mkataba idadi ya marekebisho, bei ya kila marekebisho ya ziada, malipo ya awali, na mgawo wa fundi kipindi kikiuzwa tena.