Picha Moja ya Vita Ilimfuata Jane Fonda Miaka 50: Msanii wa Garsen, Hii Inakuhusu

Uko Garsen, pale barabara ya kutoka Malindi inagawana, moja inaenda Lamu, nyingine Hola. Wewe ni msanii wa mtaa. Unaigiza, unarusha klipu, mafan wanakujua. Halafu ukame unabisha, wakulima na wafugaji wanaanza kukoseana, na kwa komenti mtu anauliza: "Kwani we uko upande gani?"

Huku hilo si swali la jokes. Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa, cha Waorma, kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao akina mama na watoto. Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Halafu Kilelengwani, ambapo hata polisi walikufa. Kufikia Januari 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wameenda. Chanzo kilikuwa ardhi, malisho na malka, zile njia za mifugo kushuka mtoni, na siasa ikamwagia petroli.

Sasa, staa akibonga wakati kama huo, watu humuonaje? Stori inayofunza zaidi ni ya mbali, lakini nayo inaanzia kwa mto.

Aprili 1972, mwigizaji Jane Fonda wa Marekani alibeba Oscar kwa filamu ya Klute. Alikuwa juu ile mbaya. Julai hiyo hiyo akatua Hanoi, Vietnam Kaskazini, wakati ndege za nchi yake zilikuwa zinaangusha mabomu huko. Alienda kucheki nini? Matuta ya udongo. Ile ni nchi ya mpunga, na matuta ndiyo huzuia mito isifagie mashamba. Kulikuwa na madai kwamba mabomu yanayapasua, na serikali ya Marekani ikasema haiyalengi. Fonda akaenda na kamera ajionee. Kama uliona Tana ikivunja kingo wakati wa El Nino ya 1997, huhitaji kuelezwa tuta ni nini kwa mkulima.

Lakini uliza leo nani anakumbuka hayo matuta. Hakuna. Kinachokumbukwa ni picha ya mwisho wa safari: Fonda ameketi kwa mzinga wa kutungua ndege, anacheka, anapiga makofi. Mzinga wa kuangusha marubani wa kwao. Kutoka hapo akabandikwa jina "Hanoi Jane", na hadi leo kuna maveterani hawataki hata kumskia.

Kwa nini ilinata hivyo? Kuna sababu tatu.

Ya kwanza, picha humeza maneno. Fonda alibonga sana, hata kwa redio ya Hanoi. Lakini mtu aliyefiwa hapimi hoja zako, anaangalia umesimama na nani. Kwa mama aliyezika kijana wake, kile kicheko kilikuwa kicheko kwa kaburi.

Ya pili, alizidisha moto mwenyewe. 1973 wafungwa wa vita wa Marekani waliporudi wakisema waliteswa, Fonda akawaita waongo. Hapo hata watu waliochukia vita walimshangaa. Unaweza kupinga vita bila kukanyaga kidonda cha mtu.

Ya tatu, yeye ni sura inayojulikana, na ni mwanamke. Wiki chache baadaye Ramsey Clark, aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa Marekani, alienda Hanoi pia na akasikika kwa redio ile ile. Yeye alikosolewa, lakini jina la kumfuata hadi uzeeni hakupewa.

Halafu uongo ukapata pa kukaa. Miaka ya mwisho ya tisini kulizunguka barua pepe ikidai Fonda aliwasaliti wafungwa kwa kuwapa walinzi karatasi zao za siri. Wafungwa waliotajwa wenyewe wakasema hiyo kitu haikutokea. Bado watu waliforward. Jina likishachafuka, kila udaku hukuenea.

Hata hivyo, hakuzikwa. 1979 alichukua Oscar ya pili kwa Coming Home, filamu kuhusu majeraha ya vita hiyo hiyo, na video zake za mazoezi za miaka ya themanini ziliuza vibaya sana. 1988 aliomba maveterani msamaha kwa TV. Safari hajaijutia, picha ndiyo anaijutia. Kwa wapinga vita, yeye ni shujaa hadi leo. Maoni ya watu hayakuwa moja. Kila mtu alimuona kulingana na alichopoteza.

Na mchezo haujabadilika. Novemba 2023 Melissa Barrera alitolewa kwa filamu za Scream kwa sababu ya posti zake kuhusu Gaza. Kuna waliomtupa na kuna waliomshangilia.

Sasa turudi Garsen. Fonda aliweza kupanda ndege akaenda kwao, mbali na Hanoi. Wewe utaamkia soko lile lile, steji ile ile, mto ule ule, pamoja na Mpokomo na Morma. Picha yako hapa haiharibu jina lako tu. Inaweza kufanya jirani aonekane adui usiku huo huo.

Kunyamaza pia si dawa, maana watu husoma kimya kama jibu. Bonga, lakini ukienda kwa kilio cha upande mmoja, nenda na cha upande wa pili. Usipige selfi na mtu mwenye silaha, hata kama ni binamu yako. Usirushe klipu hujui imetoka wapi. Na ukiteleza, omba msamaha wiki hiyo hiyo.

Fonda alingoja miaka 16, na kuna waliokataa kumsamehe.