Plastiki inayosagwa na dagaa

Mwamapalala, katika Wilaya ya Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, ni nchi ya pamba. Lakini anayechimba bwawa la sato upande huo hayuko mbali na malighafi ya chakula cha samaki hao. Mashudu ya pamba yanatoka mkoani humohumo, na dagaa wanashushwa Lamadi, Ziwa Victoria.

Mashudu hayawezi kuwa mengi kwenye mchanganyiko kwa sababu ya gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba. Dagaa ndiye anayebeba protini, na huenda ndiye anayebeba plastiki pia.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa sato na sangara walionunuliwa sokoni Mwanza: katika kila aina, mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni, zikiwemo polithini na poliesta. Ulikuwa ushahidi wa kwanza kutoka Maziwa Makuu ya Afrika. Dagaa hawakuhusishwa, ila mlaji wa sato hutupa utumbo, wakati dagaa wa chakula cha mifugo husagwa mzima na kila alichomeza. Kabla ya hapo huenda alianikwa juu ya nyavu chakavu za nailoni, akashindiliwa kwenye salfeti iliyokwisha kutumika mara kadhaa. Mashine inasaga vyote. Plastiki inakuwa ndogo zaidi, haiishi.

Iran imekwenda mbele kidogo. Utafiti wa mwaka 2019 uliikuta plastiki kwenye unga wa samaki uliokuwa ukiuzwa madukani, kisha ukaikuta ndani ya samaki aina ya karpi (common carp) waliofugwa kwa unga huo.

Wakulima wa pamba hawahitaji kuhadithiwa habari za salfeti. Nyuzi zake zikiingia kwenye pamba hazishiki rangi, kitambaa kinatoka na madoa, na mwenye kiwanda cha nguo analalamika hadi bei inaguswa. Samaki halalamiki. Mfugaji naye, ambaye chakula humlia zaidi ya nusu ya gharama, huuliza protini, unyevu na mchanga. Mchanga hasa, maana wapo wanaouongeza ili mzigo uwe mzito. Plastiki haina uzito wa kumshtua mtu kwenye mizani.

Mahitaji yanapanda. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi vizimba vya kufugia samaki jijini Mwanza, na kila kizimba kinataka chakula kila siku. Wengine wanageukia funza wanaokuzwa kwa taka za sokoni. Ni wazo zuri, ingawa taka hizo nazo huja zimechanganyika na mifuko, na kuzichambua ni kibarua cha kulipwa.

Kwa dagaa, hatua za mwanzo si ngeni: vichanja badala ya kuanika chini, na salfeti mpya. Vyote ni gharama ya mchakataji wa Lamadi, na dagaa wa mifugo ndio wanaouzwa kwa bei ya chini kuliko wa kuliwa na watu.