Sura ya 6: Dawa ya Kula Shaba

Bodi ya saketi huanza ikiwa bamba la nyuzi za kioo lililofunikwa shaba, nyembamba kiasi cha milimita 0.035. Kinachofanyika nyumbani ni kuiondoa shaba usiyoihitaji ili zibaki njia za umeme tu. Paul Eisler, mhandisi wa Austria, aliunda redio yenye bodi ya namna hiyo London mwaka 1936.

Mchoro huchapwa kwa printa ya leza, kwa sababu wino wake ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto. Printa ya wino wa maji haifai kabisa. Tumia karatasi ya jarida inayong'aa, ilaze juu ya shaba iliyosuguliwa vizuri, uipige pasi ya moto. Ikipoa, iloweke na uitoe karatasi kwa kidole. Wino utabaki umeganda kwenye shaba.

Sasa kuna suala la baridi. Feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyofunikwa na wino, hufanya kazi upesi ikiwa na nyuzi joto 40 hadi 50. Hapa Lushoto tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na asubuhi za Julai hata maji ya ndooni yanauma vidole. Dawa baridi hujivuta, na wino hupata muda wa kubanduka kabla kazi haijaisha. Kwa hiyo weka beseni la plastiki lenye dawa na bodi ndani ya karai la maji ya moto, ulitikise polepole. Usithubutu kutumia sufuria ya alumini: dawa huishambulia, hufoka na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Vaa glavu, na shati la shamba pia, maana doa la dawa hii halitoki.

Dawa iliyotumika ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Imebeba shaba iliyoyeyuka, na hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini hata ikiwa kidogo. Hapa kila mfereji unateremka kuelekea bustani ya kabichi au karoti ya mtu bondeni. Tia magadi ya kufulia kidogo kidogo hadi povu likome, kisha changanya yote na saruji ndani ya kopo, igande.

Kilichobaki ni chepesi. Futa wino kwa asetoni, toboa matundu ya milimita 0.8, na ufunike pua: vumbi la nyuzi za kioo huwasha.